Sahihi ya Aliye Mbali

S.L.P. ileile ya Baba,
Jumanne, wiki ya mwisho ya mwezi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na wanao, na kwamba lile goti lililokuwa likikusumbua kazini limetulia. Sisi huku hatujambo. Mama yu mzima, anakula, anakwenda kwa jirani na kurudi kwa miguu yake, na bado anagombana na redio. Kitindamimba wetu hajambo, na mumewe, shemeji yetu, hajambo kupita kiasi. Mimi nami mwili hauna neno, ila roho iko juujuu tangu mwezi uliopita, ndiyo maana utauona mwandiko huu unapanda na kushuka. Usinicheke.

Najua bahasha imekushtua kwa unene. Kwa salamu tungepiga simu. Ukiona barua kutoka kwetu, ama kuna msiba ama kuna mtu anataka kuuza hisa. Hakuna msiba, tulia.

Naandikia dukani, nyuma ya pazia, kwenye meza ya kusagia lenzi. Nyumbani siwezi, maana Mama ananiangalia mkono kama mwalimu wa chumba cha mtihani. Bosi amekwenda kuonyesha miguu yake kwa daktari na wateja leo ni wa kuhesabu. Wakija, nitakuacha katikati ya sentensi, univumilie.

Habari za soko la hisa nadhani zimekufikia hata huko. Huku ndiyo mazungumzo ya kila mahali, mpaka kinyozi aliye mlango wa pili anamkata mtu nywele huku akimweleza kwa nini benki zimeshuka. Zetu zimeshuka pia. Ile ya saruji imeshuka, ile ya umeme imeshuka, ile benki ambayo Baba alikuwa akiiita mke mwenza wa Mama ndiyo imeshuka kuliko zote. Kila nikidhani imegusa sakafu, inachimba.

Shemeji ameiwekea simu yake mlio wa kumwarifu kila bei inaposhuka. Siku hizi mlio huo hauna mapumziko. Jumapili ulilia wakati Mama anaomba dua ya chakula, naye Mama akamalizia dua hapohapo kwa kumwomba Mungu amjalie mkwe wake betri mbovu.

Sasa niandike utaratibu, kwa sababu Baba alitaka kila barua ya kuuza ianze kwa kuutaja, kama wanavyosoma kumbukumbu za mkutano uliopita. Siku ya mshahara kila mmoja anatoa fungu lake na tunanunua, bei iwe juu, bei iwe chini, bila kuulizana. Kununua, sahihi ya mmoja inatosha. Kuuza, hata hisa moja, lazima sahihi zote nne, na ya nne ni yako wewe uliye mbali, kwa wino, kwenye karatasi, si kwa picha ya simu. Na kila anayetaka kuuza atoe sababu yake, iandikwe kwa mkono. Wakala wetu wa hisa bado anayo ile karatasi ya Baba kwenye jalada, na muhuri wake.

Wewe unajua Baba alikoutoa utaratibu huo. Miaka yote ile ya kukaa dirishani posta alikuwa anawaona watu wanaotuma barua za hasira. Alisema wengi wao walikuwa wakirudi mbio kabla gari la posta halijaondoka, jasho linawatoka, wanaomba warudishiwe. Akaona basi familia yake iwekewe gari la posta katikati. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu asiyekuwepo ndiye mwenye neno la mwisho, na mimi nimekuonea wivu kwa hilo tangu tulipoanza.

Lingine ni hili duka, nalo ndilo linaloninyima usingizi.

Bosi anastaafu. Miguu imegoma, na mwanawe hataki kusikia habari za miwani. Alikwisha kuniambia zamani kwamba siku akichoka mimi ndiye wa kwanza kuulizwa, nikaweka akiba kwa ajili hiyo. Siku imefika mapema kuliko tulivyodhani wote wawili. Imekuja kampuni moja yenye maduka mengi, wamevaa suti, wamepima kuta kwa utepe, wamemtajia bei na yeye ameniwekea mimi bei hiyohiyo bila kuongeza hata senti. Amenipa mpaka mwisho wa mwaka. Kampuni ikinunua, wafanyakazi watabaki, hilo wamesema. Ila mashine ya kusagia itatolewa, lenzi zitakuwa zinakuja zimekatwa tayari kutoka huko kwao, na mimi nitasimama mbele kwenye kioo niwaambie watu fremu nyekundu imewapendeza. Kaka, mimi si muuza fremu. Nikifikiria hivyo mikono inawasha.

Na akiba yangu ya duka unajua iko wapi. Mwaka juzi hisa zilipokuwa zinapanda nilikupigia simu kukuambia nimezitoa fedha zangu benki nikazitia kwenye kapu la familia, ukaniuliza, "Una hakika?" Nikakujibu kwa mbwembwe. Baba alikuwa akisema fedha ya hisa ni ile ambayo huna safari nayo. Yenye safari ikae benki, imevaa viatu, inangoja. Yangu ilikuwa na safari na mimi nikaivua viatu. Sasa nakwenda kuitafuta naikuta imebaki kama nusu, na siwezi kuitoa bila kuitoa kwa bei hii.

Mteja ameingia.

Nimerudi. Alikuwa anauliza njia.

Basi Jumapili baada ya chakula tulifanya mkutano wa familia. Ungetuona ungejivunia. Mama alianza. Akauliza nani hapa analala njaa, hakuna aliyejibu. Akauliza nani anadaiwa kodi, kimya. "Basi anayetaka kuuza anauza ili apate nini?" Shemeji akaitikia kwa kichwa, tena kwa nguvu. Kitindamimba akasema kiwanda cha saruji bado kinatoa moshi, yeye hupita pale kila siku. Mimi ndiye niliyezungumza vizuri kuliko wote. Nilisema subira huvuta heri, nikasema mwenye pupa hadiriki kula tamu, nikasema na nyingine ambayo siikumbuki. Tukakubaliana kwa kauli moja hakuna kuuza. Tukanywa chai.

Jana, Jumatatu, nilimwambia bosi nakwenda benki mara moja. Nikaenda kwa wakala.

Unaikumbuka ofisi yake, kule ghorofani, ngazi zenye giza. Siku hizi wameweka runinga ukutani inayoonyesha bei, ila yule binti wa dirishani ameifunika kwa kalenda kwa sababu watu walikuwa wanaitukana. Foleni ilifika mpaka mlangoni, na ilikuwa kimya, watu hawatazamani. Nikasimama nyuma ya mtu anayesoma gazeti. Nikaona gazeti limeshikwa juu chini. Nikaviangalia viatu vyake. Nilivijua, nilikuwepo siku vinanunuliwa.

"Shemeji," nikamwambia, "si ulisema leo una mkutano kazini?"

Akalishusha gazeti polepole. "Nilikuwa napita tu, shemeji."

"Hata mimi."

"Nimeona foleni, nikasema nipumzike."

Hapo nikasikia sauti kutoka mbele kabisa ya foleni, karibu na dirisha, kwenye benchi la wazee. "Nyie wapita njia, sogeeni huku. Kuna nafasi ya kukaa."

Alikuwa Mama, Kaka. Mama aliyeniaga asubuhi kwamba anakwenda kupimwa presha. Amevaa vizuri, mkoba magotini, kalamu yake mwenyewe mkononi.

Nakuambia sikujua nicheke au nikimbie. Penye wengi hapaharibiki neno, na sisi tulikuwa wengi, na neno lilikuwa limeharibika kabla chai ya Jumapili haijapoa. Tulikwenda tukakaa kila mmoja upande wake, Mama katikati, kama watoto waliokamatwa na mwizi mwenzao.

Shemeji ndiye aliyepata nguvu kwanza. "Unaona sasa? Hata Mama anauza. Mimi nilisema."

"Hukusema kitu, uliitikia kwa kichwa," Mama akamjibu. "Na usinichanganye na wewe. Wewe unauza kwa sababu unaogopa. Mimi siogopi."

"Sasa unauza kwa nini, Mama?" nikamuuliza.

Hakunitazama. Alimtazama binti wa dirishani, akanisonta mimi kwa kalamu. "Namnunulia huyu duka."

Nilitamani kulia na nilitamani kumshika mkono nimtoe nje, vyote kwa pamoja. Nilimwambia hapana. Akasema hakuniuliza. Nikamwambia mbele za watu tusigombane, akasema basi ninyamaze ndiyo tutakuwa hatugombani. Binti wa dirishani akapiga hesabu mara mbili, kwa upole, maana alimwona ni mtu mzima. Fungu la Mama lote, kwa bei ya jana, likijumlishwa na langu lote, linatosha duka. Kinabaki kidogo, cha kununulia pazia jipya.

Nikamuuliza Mama habari ya gawio lake la hisa, lile linalokuja kila baada ya miezi kadhaa, ambalo ndilo linalomlipia dawa na umeme na sadaka na vocha ya kukupigia wewe.

"Nitakula kwako," akasema.

"Utaweza kula kwangu bila kunisema?"

"Nitajaribu."

Binti alitoa fomu. Mama akatia sahihi, ile yake ndefu yenye mkia. Kalamu ikaja kwangu. Nitakuambia kweli kama ilivyo: nilitia sahihi. Nilikuwa nimekwenda pale kwa ajili hiyo, duka nalitaka, na kalamu ilikuwa ya moto kutoka mkononi mwake. Shemeji akaichukua fomu akampelekea mkewe, naye akatia ya tatu jioni ileile. Yako ndiyo iliyobaki. Fomu imo ndani ya bahasha hii, nyuma ya ukurasa wa mwisho, usiitafute sasa, maliza kusoma kwanza.

Bosi amerudi. Naishia hapa kwa leo.

Alhamisi, mezani jikoni.

Kaka, naendelea. Nilidhani ningeimaliza jana nikaitupe posta, lakini kila nikishika kalamu nanyanyuka. Nachemsha maji nasahau kuyanywa. Nafungua simu naangalia bei, naifunga, naifungua tena kana kwamba katika muda huo wa kuifunga kampuni zimeitisha kikao kwa ajili yangu. Jana asubuhi zilipanda kidogo nikafurahi kama mwehu, mchana zikarudi chini ya zilipokuwa. Baba alinipa jina la Kiherehere nikiwa sijajua hata kulitamka, na alijua alichokuwa anakifanya.

Kazini nimeharibu. Fundi cherehani mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, nilimsagia lenzi zake Jumanne mchana baada ya kuiweka kando barua hii, nikaitia ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Miaka yote niliyokaa kwenye meza ile sijawahi. Alirudi jana ameshika ukuta, akasema kwa adabu sana kwamba tangu avae miwani mipya sindano zimekuwa mbili na yeye hajui atie uzi ipi. Nikamwomba radhi, nikamsagia upya, gharama nimeikata kwenye mshahara wangu mwenyewe. Bosi aliniangalia tu, na hilo liliniuma zaidi.

Jioni nilibaki naye dukani nikamweleza kila kitu, kwamba fedha yangu imekwama na ningehitaji mwaka mwingine, labda na nusu yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaipapasa miguu yake akasema, "Mwanangu, ningekungoja. Hii ndiyo haingoji." Sikuweza kumlaumu. Nikamwomba basi aniuzie mashine peke yake, maana wale wa suti hawaitaki, nitatafuta hata chumba cha uani niiweke. Akasema atafikiri. Bado anafikiri.

Sasa zile sababu. Nilianza na shemeji, nikamwita hapa mezani atoe yake. Akaandika mwenyewe kwenye karatasi, "Kwa sababu bei inashuka." Nikamuuliza zilipokuwa zinapanda alisema tufanye nini. Akasema alisema tununue zaidi. "Kwa hiyo wewe unanunua ghali unauza rahisi. Ungekuwa na duka ungefunga." Nilitaka acheke. Hakucheka. Akaikunja ile karatasi akaniambia kwamba ghalani kazini kwake wameanza kupunguza watu, wawili wa meza yake wamekwisha kuondoka, na hajamwambia mkewe. Kaka, nilijiona mjinga. Mwezi mzima tunamcheka na mlio wa simu yake.

"Niandikie tu kwamba naogopa," akasema.

Nimeandika. Sababu ya shemeji ni kwamba anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Tulikaa tukapiga hesabu yake polepole. Ana akiba benki ya kumtosha miezi kadhaa hata wakimwachisha kesho, na hiyo imevaa viatu. Fungu lao la hisa hawana safari nalo. Aliondoka amekubali fungu lao libaki lilipo, na kabla ya kutoka aliuzima ule mlio mbele yangu. Alipofika nje ya lango nilimwona ameitoa simu anaiangalia, lakini angalau haikulia. Mkewe ameshaambiwa, walikuja pamoja asubuhi, macho yamemvimba kidogo, akanikumbatia.

Sababu ya Mama ni mstari mmoja, ameniambia niunukuu ulivyo: "Namnunulia mwanangu duka."

Yangu nimeiandika nikaifuta, nikaiandika tena. Kwanza niliandika kwamba soko limeharibika. Si kweli. Saruji inauzwa, watu wanalipa umeme, ile benki ilikuwa na foleni nilipopita, na foleni ya kuweka fedha. Kilichoharibika ni bei tu. Halafu nikaandika kwamba huenda zikashuka zaidi. Huenda, na huenda zisishuke, na mimi sijui, na binti wa dirishani hajui, na kinyozi ndiye anayejua. Mwisho nikaandika iliyobaki, kwamba nalitaka duka. Hiyo ni kweli, na imekaa peke yake kwenye karatasi kwa muda mrefu, naiangalia.

Ijumaa, jikoni tena.

Leo ilikuwa siku ya mshahara. Kitindamimba aliniuliza kwa sauti ndogo kama tunanunua au vipi, maana na fomu ya kuuza tumeitia sahihi. Nikamwambia utaratibu ni utaratibu. Tulikwenda pamoja. Foleni ilikuwa vilevile. Kitindamimba alipofika dirishani, binti akamuuliza, "Kuuza?" Akajibu, "Kununua." Binti akamuuliza tena. Watu wa nyuma wakageuza shingo kumwangalia mdogo wetu kana kwamba amevua viatu ndani ya benki. Nikatoa langu, Kitindamimba akatoa lao, na Mama alikuwa amenipa lake kwenye leso kama kawaida bila kutaja lolote. Kwa fedha ileile ya kila mwezi tulipata hisa nyingi kuliko mwezi wowote ninaoukumbuka. Sikufurahi hata hivyo. Nilikuwa nimelowa mgongo mzima.

Kwa hiyo wiki hiihii familia yako imesaini kuuza na imenunua. Baba angetugonga muhuri usoni sote wanne.

Tulirudi nyumbani, nikamkuta Mama amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Nikaweka mkoba, nikaanza kuosha vyombo. Akaniita. Akasema, "Samahani mwanangu, kama una kidogo, naomba unisaidie vocha."

Nikageuka. Kaka, wewe unamjua mama yetu. Tangu Baba afariki hajapata kuniomba kitu, hata chumvi. Hutoa mkobani mwake, akaagiza, akadai chenji. Na sauti aliyoitumia sijawahi kuisikia kwake. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesimama mlangoni kwa watu.

Nikamwambia, "Si una fedha mkobani? Nimeziona asubuhi."

Akacheka, akajifuta uso kwa kiganja. "Ninazo. Najizoeza tu. Nisije nikakuomba vibaya siku hiyo."

Nilirudi kwenye vyombo nikaviosha vyote, nikaviosha tena vilivyokuwa safi. Sikumwonyesha uso. Nina hasira naye ambayo sijui niipeleke wapi, na nampenda mpaka kifua kinauma, na duka nalitaka vilevile, hamu haijapungua hata kidogo.

Baadaye akaniuliza kama nimeshakuandikia. Nikasema namalizia. Akasema nikuambie yeye ameomba ukubali, na nimwahidi kwamba nitaandika hivyo. Nikamwahidi. Basi natimiza: Mama anaomba ukubali. Anasema gawio ni la nini kwa mtu aliyekwisha kula chumvi nyingi, na kwamba hajapata kumpa mtoto wake yeyote kitu kikubwa, maana vyote vilikuwa vya Baba, na hiki ni chake. Nimeandika kila neno alilosema. Mtu asije akasema nilimficha.

Sasa langu, Kaka, na hili sijamwambia yeye.

Fomu usiitie sahihi.

Nimekaa wiki nzima nikitafuta njia ya kulipata duka na Mama abaki na chake, na kwa bei hizi njia hiyo haipo. Anayeuza wakati huu bila kulazimika anagawa vyake, na mimi siwezi kugawa vya Mama ili nipate vyangu. Zikija kupanda mwakani, atakuwa anazisikia redioni kwenye kiti changu, kwa umeme wangu, akiniomba vocha. Na zisipopanda, gawio lake litaendelea kuja, dogo, lakini la kwake. Bosi akikubali kuniuzia mashine nitashukuru. Asipokubali, mwakani nitakuwa nawaambia watu fremu nyekundu imewapendeza. Nitalia, sitakudanganya, tena nitalia kwa kelele, halafu nitakwenda kazini. Siku ya mshahara nitatoa fungu langu.

Nisalimie wifi, umwambie kitambaa alichotuma kimenitosha, ni mikono tu iliyozidi. Wabusu wanao, hasa yule anayeota meno, na umwambie shangazi yake atamsagia miwani ya kwanza hata kama itabidi niibe lenzi. Kitindamimba anakusalimu sana. Shemeji naye anakusalimu na anauliza bei za huko zikoje. Nakuomba usimjibu mpaka apate usingizi. Bosi anakuulizia kila mara kama bado unavaa ile miwani ya zamani. Mungu akuangalie wewe na nyumba yako, akulindie hilo goti, na atukutanishe tukiwa wote tungali na meno.

Ukurasa unaofuata, nyuma yake pana fomu, nimemwachia Mama aandike salamu zake mwenyewe, kwa sababu ameomba nafasi. Sitasoma atakachoandika. Ila namjua, na najua ataandika kwa herufi kubwa, atakutajia jina lako la utotoni, atakukumbusha uchungu aliokuzaa nao, na atakuomba kwa ile sauti. Msome mpaka mwisho, Kaka. Mheshimu kwa kila kitu. Halafu umkatalie.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata unaponichelewesha,

Kiherehere